Kwa nini Kivai kinaingia na Kimende kinakataliwa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkutubi, niko Morogoro. Tunaandaa orodha ya machapisho ya lugha za Afrika kwenye hifadhidata ya MySQL. Kutoka Liberia tumepata vichwa vya Kivai, na kutoka Sierra Leone vichwa vya Kimende, vyote kwa mwandiko wa kwao wenyewe, si kwa herufi za Kilatini. Vya Kivai vinaingia, ila kwenye kompyuta moja naona visanduku vitupu na kwenye nyingine vurugu kama ê•™ê”¤. Vya Kimende programu inavikataa, na seva yetu ya zamani inavihifadhi nusu. Nilidhani mwandiko ukishaingia kwenye Yunikodi, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, kazi imekwisha. Halafu nimeona Kivai kina alama 300! Huku kwetu mtoto wa darasa la kwanza anaimba ba be bi bo bu kwa herufi sita tu. Kwa nini wasingeweka konsonanti na irabu, kompyuta ikaunganisha yenyewe?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ukishajua kwa nini alama zimefika 300, hayo mengine yanabaki kuwa mambo ya fundi.

Ba be bi bo bu inawezekana kwa sababu herufi za Kilatini zilikuja kwetu sauti ikiwa imeshakatwa vipande: b peke yake, a peke yake. Mtoto anaziunganisha mdomoni. Kompyuta haiunganishi chochote, inazipanga tu moja baada ya nyingine. Mɔmɔlu Duwalu Bukɛlɛ hakuikata sauti namna hiyo. Mtu huyu wa Jondu, upande wa Cape Mount katika Liberia ya leo, alibuni mwandiko wa Kivai mnamo 1833 pamoja na jamaa zake, na mwenyewe alieleza kwamba ulimjia ndotoni. Tunayajua haya kwa sababu mmisionari Sigismund Koelle alitoka Freetown mwaka 1849 akaenda kumtafuta na kumhoji. Mwaka 2002 wanahistoria Konrad Tuchscherer na P.E.H. Hair walitoa hoja kwamba huenda wazo la kuandika kwa silabi lilivuka bahari kutoka kwa Wacherokee wa Marekani, ambao mwandiko wao wa silabi ulikuwa umetangulia kwa miaka kama kumi na ushei. Inawezekana. Hata hivyo wazo likivuka bahari halibebi maumbo 200 ya silabi za Kivai. Hiyo kazi ilifanywa na watu wa Jondu.

Sasa tazama alama zenyewe, kama mashine yako inakubali. Silabi ka ni ꕪ. Silabi ki ni ꕃ. Huwezi kuchomoa kipande katika hizo mbili ukasema hiki hapa ndicho k. Kila silabi ina umbo lake kamili, kama ilivyo kwa tarakimu: hakuna kitu ndani ya umbo la 4 kinachokuambia lina undugu na 5. Ukitaka kusimba Kivai, yaani kukipa namba za kompyuta, kwa konsonanti na irabu, itakubidi uzue vipande ambavyo hakuna Mvai aliyewahi kuviandika, halafu utengeneze jedwali la kuiambia kompyuta kwamba kipande hiki na kile vikikutana vitoe ꕪ. Jedwali hilo litakuwa na mistari mingi kama alama zenyewe. Hutakuwa umeokoa kitu.

Ni kweli zipo alama za Kivai zilizotokana na nyingine kwa kuongezewa nukta au kistari. Hapo mtu angeshawishika kusema basi tusimbe umbo la msingi, na nukta tuisimbe pembeni. Lakini nukta hiyo haikai mahali pamoja katika kila umbo wala haifanyi kazi ile ile kila inapotokea. Tena kuna hatari ambayo wewe kama mkutubi unaijua kuliko mimi. Herufi é ya Kifaransa inaweza kuandikwa kwa msimbo mmoja, au kwa e ikifuatiwa na alama ya mkazo. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti, na msomaji anayetafuta kitabu kwa njia ya kwanza hakipati kilichoingizwa kwa njia ya pili mpaka programu iwe imefundishwa kusawazisha. Kivai kimeepushwa na balaa hilo. Kila alama ina njia moja tu ya kuandikwa, haina herufi kubwa na ndogo, haivunjwi wala haiunganishwi. Kwa upande wa programu, Kivai ni miongoni mwa miandiko rahisi kabisa duniani, na hilo halisemwi vya kutosha.

Mwandiko wa Kimende, unaoitwa Kikakui, unatoa mfano mzuri zaidi wa jambo hili. Mohammed Turay, msomi wa Kiislamu wa kusini mwa Sierra Leone, ndiye aliyeuanza. Mwanafunzi wake Kisimi Kamara, mshona nguo, akaupanua na kuueneza kuanzia 1921. Alama zake 42 za mwanzo zina mpangilio unaoonekana: konsonanti moja inachukua umbo la msingi, kisha umbo hilo linabadilishwa kidogo kwa i, kwa a, kwa u. Ki, ka, ku, ndizo zinazoongoza orodha. Ukiishia hapo ungesema, haya, huu tunaweza kuukata vipande. Endelea na alama zaidi ya 150 zilizobaki: mpangilio umetoweka, kila moja inajisimamia. Msimbaji afanye nini? Asimbe robo moja kwa vipande na robo tatu nzimanzima? Walioandaa pendekezo la kuuingiza Yunikodi walizisimba zote nzima, na sidhani palikuwa na njia nyingine ya maana. Hata hati ya Kiethiopia, ambayo ndani yake undugu wa ba, bu, bi unaonekana kwa macho kabisa, ilipoingia Yunikodi mwaka 1999 kila silabi ilipewa namba yake, kwa sababu viambatisho vya irabu vinajishika kwa namna tofauti kwenye kila konsonanti.

Kuhusu hizo 300, si zote silabi za kawaida. 268 ni silabi, pamoja na ile ꘋ inayosimama kwa ng ya mwisho wa silabi. Moja ni kirefusho cha irabu. Tatu ni vituo: mkato, nukta na alama ya kuuliza. Kumi ni tarakimu zilizobuniwa miaka ya 1920 kwa kuiga zile za Ulaya. Wavai hawakuzipenda, wanaandika 1, 2, 3 kama sisi, lakini zimesimbwa ili anayenakili maandiko ya zamani asikwame. Zinabaki 18, na hizo ndizo zinazonivutia. Tano ni silabi za kale zilizopatikana katika muswada wa karne ya 19 unaojulikana kama Kitabu cha Ndole, wa mtu aliyekuwa karibu na Bukɛlɛ. Nyingine 13 si silabi hata kidogo. Ni alama za maneno mazima, zilizotumika zamani na baadaye zikaachwa. Kuna alama ya kitu, ya mguu, ya kisiwa, ya ng'ombe, ya kufa, ya kusikia. Na kuna ya mtumwa. Pwani ile miaka ya 1830 ilikuwa bado na biashara ya watumwa, na neno lililohitaji alama yake lenyewe linakuambia watu walikuwa wakiandikiana habari gani.

Kilichokuwa kigumu katika kusimba Kivai kilikuwa ni hiki: kuamua alama ipi ni ipi. Mwandiko huu kwa muda mrefu haukufundishwa shuleni. Mtu alijifunza kwa rafiki au kwa ndugu, jioni, akautumia kuandika barua na kumbukumbu za fedha na za familia. Wanasaikolojia Sylvia Scribner na Michael Cole walipofanya utafiti wao mkubwa huko Liberia miaka ya 1970 walikuta hali hiyo hiyo: Kiingereza cha shule, Kiarabu cha madrasa, na Kivai cha kujifunzia nyumbani. Mwandiko unaoenea hivyo hauwi na umbo moja. Wa mji huu anaongeza kistari, wa mji ule anakiacha. Palifanyika jitihada za kuusanifu mwaka 1899, na nyingine Chuo Kikuu cha Liberia mwaka 1962, na chati hiyo ya 1962 ndiyo msingi wa msimbo wa leo. Lakini kati ya karne ya 19 na 1962 kuna mamia ya maumbo. Je, silabi moja yenye maumbo manne katika miswada minne ni herufi moja au nne?

Kanuni ya Yunikodi inasema wanasimba herufi, hawasimbi maumbo. Tofauti za mkono zinaachiwa fonti. Kwa hiyo maumbo ya kale ya silabi ile ile yaliunganishwa na ya sasa, yakapewa namba moja. Zile silabi tano za Ndole zikasamehewa, zikapewa zao. Tuangalie mwenzake: mwandiko wa Kibamum wa Mfalme Njoya wa Foumban, Kamerun. Huo ulipita hatua kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1890, ukianza na alama za maneno kwa mamia na kumalizika na themanini hivi za silabi. Yunikodi ilisimba hatua ya mwisho mwaka 2009, alama 88, kisha mwaka 2010 ikasimba hatua za nyuma kwa kuziongezea alama 569 za pekee. Kwa nini Njoya apate hatua zake zote na Bukɛlɛ aunganishiwe? Kwa sababu hatua za Njoya zilikuwa maamuzi ya ikulu: leo mwandiko huu, kesho huu mpya, na kila mmoja una orodha yake. Kivai kilibadilika kidogo kidogo mikononi mwa watu bila tangazo. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi kwa wanaoandika Kivai leo. Mwanahistoria wa maandishi ndiye anayelipia: akinakili muswada wa 1850 kwa Yunikodi, umbo alilolichora mwandishi linapotea, na itambidi ahifadhi picha pembeni. Utafiti wa Piers Kelly na wenzake, uliochapishwa 2021 na kuonyesha kwamba herufi za Kivai zilizidi kuwa nyepesi kadiri vizazi vilivyopita, ulitegemea maumbo yaliyonakiliwa kutoka miswada. Namba za msimbo peke yake zisingewaonyesha kitu.

Haya yote yanatakiwa kuamuliwa kabla, kwa sababu baadaye hakuna kurudi. Namba ikishatolewa haihamishwi, na jina la herufi halibadilishwi hata likiwa na kosa. Ipo alama moja ya mabano ambayo jina lake rasmi lina kosa la tahajia, na litabaki hivyo maisha. Pendekezo la Kivai liliandikwa mwaka 2005 na Michael Everson, Charles Riley na José Rivera, likachapishwa katika toleo la 5.1, Aprili 2008. Kimende kilisubiri mpaka toleo la 7.0, Juni 2014. Miaka sita hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na hasira yako dhidi ya MySQL.

Yunikodi kwa asili ilipangwa iwe na nafasi 65,536, na watu walidhani zinatosha dunia nzima. Hazikutosha, zikaongezwa sehemu nyingine nyuma yake. Kivai kiliwahi nafasi ndani ya sehemu ya kwanza: kinakaa kuanzia namba A500 hadi A63F (kompyuta huandika namba hizi kwa tarakimu pamoja na herufi A hadi F). Kimende kilipofika sehemu ya kwanza ilikuwa karibu imejaa, kikapelekwa sehemu ya pili, kuanzia 1E800. Hakuna dharau ndani yake, ni foleni tu. Ila matokeo yake yanakugusa. Katika UTF-8, njia inayotumiwa kuhifadhi maandishi karibu kila mahali, herufi a ya Kiswahili inachukua baiti moja, herufi ya Kivai baiti tatu, ya Kimende baiti nne. MySQL kwa miaka mingi ilikuwa na aina ya maandishi iliyoitwa utf8 ambayo, licha ya jina, ilikubali baiti tatu tu kwa herufi. Ndiyo maana Kivai kinapita mlangoni na Kimende kinazuiwa. Ikiwa seva imewekwa kuwa kali, inakataa na kutoa kosa. Ikiwa imelegezwa, kama ile yenu ya zamani, inapokea maandishi hadi herufi ya kwanza ya baiti nne, kisha inakata kila kinachofuata na kukupa onyo ambalo hakuna anayelisoma. Hali zako mbili ni ugonjwa mmoja.

Dawa yake ni aina iitwayo utf8mb4. Ilikuwepo tangu toleo la 5.5.3 la mwaka 2010, na toleo la 8.0 la 2018 ndilo lililoifanya kuwa ya kawaida. Kama huna uhakika mfumo wenu uko upande gani, jaribu kuhifadhi emoji ya uso unaocheka, 😀. Emoji nyingi zinakaa sehemu ile ile ya nyuma, baiti nne kila moja. Ikigoma, na Kimende kitagoma. Na ukweli usemwe: programu nyingi duniani zilirekebishwa kwa ajili ya emoji, si kwa ajili ya Wamende. Tumenufaika kwa mlango wa uani.

Sasa vile visanduku. Uliposema ulidhani Yunikodi ikishamaliza kazi imekwisha, umegusa penyewe. Yunikodi inatoa namba na jina na tabia ya herufi, yaani kama ni silabi, tarakimu au kituo, na inaandikwa kuelekea wapi. Haichori chochote. Mchoro unatoka kwenye fonti, na fonti lazima iwe kwenye mashine ya anayesoma. Kwa Kivai Windows imekuwa na fonti ya Ebrima tangu toleo la 7. Nyingine ya bure ni Noto Sans Vai, na kwa Kimende iko Noto Sans Mende Kikakui. Ziweke kwenye kompyuta zenu zote, na kwenye tovuti ya maktaba waambie mafundi wazipakie pamoja na ukurasa, maana msomaji anayefungua kwa simu yake huwezi kumlazimisha aweke fonti. Kisanduku ni habari njema kuliko unavyodhani: data iko salama, kinachokosekana ni picha yake.

Vurugu ya ê•™ê”¤ ni kitu kingine. Jina Kivai kwa mwandiko wake linaandikwa ꕙꔤ, va na i, namba A559 na A524. Kwa UTF-8 hizo ni baiti sita: EA 95 99 EA 94 A4. Mahali fulani kati ya seva na kioo kuna programu iliyodhani maandishi ni ya mfumo wa zamani wa Windows wa Ulaya Magharibi, ambao baiti moja ni herufi moja, ikasoma EA kama ê, 95 kama kidoti kikubwa, 99 kama ™, na kuendelea. Ukiona ê inajirudia kila baada ya herufi mbili, jua ni Kivai kilichosomwa kwa miwani isiyo yake. Hapo pia data bado nzima, rekebisha tangazo la msimbo kwenye programu. Usifungue faili hilo kwenye lahajedwali ukabonyeza hifadhi, kwa sababu vurugu itaandikwa juu ya ukweli, na siku nyingine itafunguliwa vibaya tena juu ya hiyo.

Alama za kuuliza, ????, ndizo mbaya. Hizo maana yake mfumo ulishindwa kubadilisha herufi ukaweka alama ya kuuliza mahali pake. Zikiwa zimehifadhiwa hivyo ndani ya hifadhidata, hakuna cha kuokoa.

Kuna na aina ya nne, hujaitaja lakini itakujia ukipokea mafaili yaliyoandikwa kabla ya 2008. Watu waliotaka kuchapa miandiko hii hawakungoja Yunikodi. Walitengeneza fonti zilizochora silabi za Kivai juu ya namba za herufi za Kilatini: ukibonyeza k unaona silabi fulani, ukibonyeza K nyingine. Kwenye mashine yenye fonti hiyo ni Kivai safi. Kwako utaona matope ya herufi za Kilatini zisizosomeka. Kompyuta haiwezi kujua hiki ni Kivai, kwake ni Kilatini kitupu. Usiliingize faili la namna hiyo kwenye orodha. Muulize aliyelituma ni fonti gani iliyotumika, na utengeneze jedwali la kubadilisha kwa ajili ya fonti hiyo hiyo, kwa sababu mbili tofauti hazifanani. Hali hii inaendelea kwa miandiko ambayo haijapata namba. Kiloma na Kikpelle, miandiko ya silabi iliyobuniwa Liberia miaka ya 1930, haikuwamo hata katika toleo la 16 la Yunikodi la mwaka 2024. Ukipata chapisho la mwandiko huo, andika kichwa kwa Kilatini, hifadhi picha ya jalada, na usikubali fundi akushawishi kutumia zile nafasi 6,400 zilizoachwa kwa matumizi binafsi. Zitasomeka kwenu tu, na siku mfumo ukibadilishwa hata kwenu hazitasomeka.

Kuandika kwa kibodi nitapita haraka, kwa kuwa ninyi mnapokea zaidi kuliko kuandika. Silabi 268 hazikai kwenye vitufe vya kawaida, kwa hiyo njia inayofaa ni kuandika ka kwa Kilatini na programu ikaweka ꕪ yenyewe. Ona jinsi ulivyokuwa na haki nusu: konsonanti na irabu zinaungana kweli, ila vidoleni mwa mwandishi, si ndani ya faili.

Kinachowahusu sana ninyi ni kupanga. Hifadhidata ikiachwa ipange kwa namba za msimbo, Kivai kitapangwa kwa irabu kwanza: silabi zote za ee, kisha zote za i, kisha za a. Kwa hiyo kichwa kinachoanza na ka kitatokea mbali sana na kinachoanza na ki, na msomaji aliyezoea alfabeti hatakiona. Suluhisho la wakutubi ni la siku nyingi: kila rekodi iwe na kichwa kwa Kilatini na kichwa kwa mwandiko wake, vikiwa vimefungamana. Kama mnatumia MARC 21, ule muundo wa kimataifa wa rekodi za maktaba, sehemu ya 880 imewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Panga kwa Kilatini, onyesha vyote viwili, na ruhusu kutafuta kwa vyote viwili. Tia na alama ya lugha na ya mwandiko: vai-Vaii kwa Kivai cha silabi, vai-Latn kwa Kivai cha Kilatini, men-Mend kwa Kimende cha Kikakui. Bila hiyo, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kwa nini rekodi mbili za kitabu kimoja hazifanani.

Tena Kivai kwa desturi hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Programu ya kutafuta inayokata maneno kwa kutazama nafasi itaona kichwa kizima kama neno moja refu, na mtu akitafuta neno la katikati hatapata kitu. Waambie mafundi watafute kwa mfuatano wa herufi badala ya kwa neno.

Kimende kina mitego miwili zaidi. Kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu, kwa hiyo ukichanganya kichwa cha Kikakui, mwaka na mabano katika mstari mmoja, mabano yatageuka na mwaka utaruka upande usiotarajiwa. Weka kila kitu katika uga wake badala ya kuvibandika pamoja. Mtego wa pili ni tarakimu. Kikakui hakina sifuri. Kina alama tisa, moja hadi tisa, na alama nyingine saba zinazobandikwa kwenye hizo kuonyesha kama ni kumi na kitu, makumi, mamia, maelfu, hadi mamilioni. Yunikodi haizihesabu kama tarakimu za desimali, na kwa haki kabisa, kwa sababu siyo. Uga wa mwaka unaodai namba utazikataa. Nakili mwaka kama ulivyoandikwa ndani ya uga wa maelezo, kisha weka mwaka wa kawaida katika uga wa mwaka.

Sasa nenda hivi. Kwanza chukua nakala ya hifadhidata yote. Kisha badilisha kuwa utf8mb4 katika sehemu nne: hifadhidata, kila jedwali, kila safu ya maandishi, na muunganisho kati ya programu na seva. Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika, na ndiyo itakayokuletea ???? hata baada ya tatu za kwanza kukaa sawa. Safu zenye faharasa ndefu zinaweza kugoma kubadilika kwenye seva ya zamani kwa sababu herufi sasa inahesabiwa baiti nne. Zifupishe faharasa, si maandishi. Ingiza 😀, uisome tena kwenye kompyuta nyingine. Ikirudi nzima, tafuta rekodi zote za Kimende zilizoingia kabla, maana zile zilizokatwa haziwezi kujirudisha zenyewe. Zifute, na uwaombe wenzako wa Freetown watume upya faili la awali la UTF-8, si lile lililopita kwenye lahajedwali.